Wageni hewa wa mwezi wa Mei

Mwezi wa Mei hapa Malindi ni mvua na kusi. Hoteli kadhaa hufungwa, wapaka rangi huingia vyumbani walikotoka watalii, na anayetaka kazi ya kutembeza wageni hungoja Julai. Kwa hiyo mama mmoja mwenye nyumba za kukodisha upande wa Casuarina aliponipigia simu kwa furaha, mimi nilishtuka.

"Mwanangu, jana watu 400 wameingia kwenye tovuti yetu. Lakini mbona WhatsApp iko kimya?"

Msimu huo tovuti yake hupata watu 20 kwa siku, wakizidi sana 30. Nikamwambia, "Mama, hao ni kama wale wafanyakazi hewa. Majina yako kwenye orodha ya mshahara, ofisini viti vitupu." Akaelewa mara moja. Programu hizi zinazojifanya watu mimi huziita roboti, kwa sababu ukimwambia mtu wa Malindi kwamba tovuti yake imevamiwa na boti, atageuka kutazama baharini.

Nilianza na kumbukumbu za seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti. Kila anayefungua ukurasa huacha mstari pale: saa, anwani ya IP (namba ya mtandao anaotumia), ukurasa alioomba, na kivinjari anachodai kutumia. Ripoti ya Google Analytics, huduma ya Google ya kuhesabu wageni wa tovuti, ilisema 400. Kwenye seva, siku hiyo hiyo, karibu watu hao wote hawakuwepo. Hawakuwahi kukanyaga tovuti. Kuna mtu alikuwa akizipelekea mashine za Google taarifa za ziara ambazo hazikufanyika, kwa kutumia namba ya kitambulisho cha tovuti ya mama. Ni kama mtu kupiga simu mapokezi na kumwambia karani aandike wageni kwenye daftari, na karani akaandika bila kuinua macho.

Mchezo huu ni wa zamani. Katika toleo la zamani la Google Analytics, lililoacha kupokea takwimu Julai 2023, vitambulisho vilikuwa tarakimu tu. Mtu aliweza kuvibahatisha na kumwagia taka maelfu ya tovuti kwa pamoja. Novemba 2016 kuna mtu aliyejaza safu ya lugha, mahali panapopaswa kusoma Kiingereza au Kitaliano, kwa ujumbe wa kuwataka watu wampigie Trump kura. Toleo jipya, GA4, linadai neno la siri kwa anayetuma takwimu kwa njia ile rasmi ya seva kwa seva. Hata hivyo kitambulisho chenyewe bado kinasomeka na yeyote anayetazama msimbo wa ukurasa wako, na anaweza kukinakili.

Faida yao ni nini? Udadisi wako. Unaona jina la tovuti usiyoijua kwenye orodha ya vyanzo, unalibofya ujue ni nani aliyekutaja, na tayari umeingia dukani kwake. Usilibofye.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote kwa wageni wa aina hii ni jina la hosti, yaani tovuti ambako ziara inadaiwa kufanyika. Fungua sehemu ya uchunguzi ya GA4, weka jina la hosti kwenye mistari, kando yake chanzo, nchi na muda wa wastani wa ushiriki. Kwa mama, safu ya hosti ilikuwa na jina la tovuti yake, halafu jina jingine asilolijua, na mistari mingine mitupu. Muda wao: sekunde 0. Nikatengeneza kundi linalobakiza hosti yake tu. Wale 400 wakabaki 22.

Aina ya pili ni roboti wanaofungua ukurasa kweli. Hawa seva inawaona, na hosti yao ni sahihi, kwa hiyo kipimo cha hosti hakiwashiki. GA4 huwaondoa yenyewe roboti wanaojulikana, lakini haikuambii imeondoa wangapi. Waliosalia watafute kwa mwenendo: ukurasa mmoja, sekunde 0, mji wenye vituo vya seva kama Ashburn kule Virginia. Hawa hufungiwa mlangoni, kwenye seva au kwa huduma ya ulinzi wa tovuti kama Cloudflare. Kuwawekea katazo kwenye robots.txt, faili la tovuti lenye maagizo kwa roboti, ni bure. Faili lile ni ombi tu, na mwizi haombwi.

Fundi aliyenitangulia alikuwa ameziingiza tovuti taka kwenye orodha ya vyanzo visivyotakiwa. Kosa hili nimelikuta kwa wateja wengi, na jina la orodha ndilo linalopotosha. Orodha ile haifuti ziara, inafuta chanzo chake tu. Wageni hewa walewale wakahamia kwenye fungu la waliokuja moja kwa moja, na mama akaamini kwamba jina la nyumba zake limevuma.

Vichujio vya takwimu vya GA4 navyo ni vya kuondoa ziara za watu wa ndani na wajenzi wa tovuti. Vinafaa kumtoa karani wa mapokezi anayefungua tovuti mara kumi kwa siku, mradi IP yenu haibadilikibadiliki. Anzia hali ya majaribio. Kikishawashwa, kilichochujwa hakirudi, na ya nyuma hakiyagusi.

Mama alikuwa na wazo lake. Wageni hewa karibu wote walijionyesha kutoka Poland, kama lile wimbi lililosumbua tovuti nyingi mwanzoni mwa 2024. "Si uifunge Poland yote?" Nilikataa. Wapoland wanakuja pwani hii, na nchi inayoandikwa kwenye taka ni uongo kama mengine yote. Mwenye nyumba Malindi kufunga nchi kwa sababu ya taka ni kama kufunga duka kwa sababu ya nzi.

Baadaye, katika wale 22, nilimwonyesha mstari mmoja: Poland, hosti sahihi, dakika nne, kurasa tano, kitufe cha WhatsApp kimebofywa. Mama akavaa miwani, akarudi nyuma kwenye simu yake hadi tarehe ile. Ujumbe ulikuwepo, ukiuliza bei ya Agosti kwa watu wawili. Hakuwa ameujibu.