Dhoruba ya theluji ya pwani: ninachokitazama kwenye ramani

Kila inapokaribia Desemba, ndugu zetu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda wanaoishi Portland, Maine, na wengine walioko Boston, huniuliza kama theluji ya mwaka huu itakuwa nyingi. Mwelekeo wa msimu hauwezi kulijibu swali hilo. Hueleza tu uwezekano wa joto na mvua ya miezi mitatu kuwa juu au chini ya wastani, kama ule tunaoutangaziwa nyumbani kabla ya masika, ilhali katika pwani hii ya kaskazini-mashariki mwa Marekani dhoruba mbili tu zinaweza kubeba sehemu kubwa ya theluji ya msimu mzima.

Nyingi ya dhoruba hizi huzaliwa karibu na Cape Hatteras, North Carolina, pale hewa baridi inayoteremka kutoka Kanada inapokutana na hewa yenye unyevu iliyo juu ya maji ya uvuguvugu ya mkondo wa Gulf Stream, kisha hupanda kaskazini-mashariki sambamba na pwani. Dhoruba ikishatabiriwa, jambo la kwanza ninalolitafuta ni kama itapita karibu na makutano ya latitudo 40 kaskazini na longitudo 70 magharibi, kusini mwa kisiwa cha Nantucket. Ikipita hapo, Boston hupata theluji nzito. Ikielemea nchi kavu, upepo wa mashariki huleta joto la bahari, theluji ikageuka mvua mjini Boston huku Worcester, mji ulio bara na kwenye mwinuko zaidi, ukiendelea kufukiwa. Ikielemea baharini, huenda tukaambulia mawingu.

Januari 2015 ilituonyesha jinsi pengo kati ya njia hizo lilivyo dogo. Jiji la New York lilitahadharishwa kuhusu theluji ya sentimita 50 au zaidi, na treni za chini ya ardhi zikasimamishwa usiku. Bustani ya Central Park ikapata takriban sentimita 25. Islip, chini ya kilomita 80 upande wa mashariki, ilipata zaidi ya sentimita 60, na Boston vivyo hivyo. Dhoruba ilikuwa kubwa kweli, ila ukingo wake wa magharibi uliishia mashariki kidogo ya pale ulipotarajiwa. Ndiyo maana nawasihi wasomaji wasishike namba moja ya juu kabisa inayosambazwa kwenye simu, bali waulize kiwango cha chini na cha juu kinachowezekana katika mtaa wao.

Wanaokaa ufukweni wana jambo jingine la kupima, nalo kwa maoni yangu hupewa uzito mdogo mno. Mnamo Februari 1978 Boston ilipata sentimita 69 za theluji, lakini kilichobomoa nyumba za pwani ya Massachusetts ni bahari: dhoruba ilikawia, ikakutana na bamvua la mwezi mwandamo, yaani maji kujaa kuliko kawaida, na upepo ukayasukuma maji nchi kavu kila yalipojaa. Aliye Revere au Scituate, miji ya ufukweni karibu na Boston, aanze na jedwali la maji kujaa na kupwa, ndipo atazame ramani ya theluji.