Geostatistiki: Kabla ya Kuamini Ramani ya Utafiti

Wanafunzi wa jiolojia na migodi hapa Lubumbashi hutuuliza mara kwa mara: utafiti wa geostatistiki umefika wapi, nami niingilie wapi? Ni swali la maana. Kati ya shimo moja la kuchoronga na jingine hakuna anayeiona shaba iliyo chini. Ni hesabu inayoikadiria, na hesabu hiyo ndiyo geostatistiki. Danie Krige, mhandisi wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, aliianzisha mwaka 1951, kisha Mfaransa Georges Matheron akaijengea nadharia.

Makala zilizofuata ni nyingi mno kwa msomaji mmoja. Hapo ndipo inaposaidia bibliometria, yaani kuzichunguza makala nyingi kwa kuhesabu maneno, waandishi na marejeo yake. Tunachota taarifa za makala kwenye hifadhidata kama Scopus, kisha programu kama VOSviewer, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, inahesabu maneno gani huandamana, na makala zipi waandishi wa baadaye huzitaja kwa pamoja. Yanayoandamana sana huchorwa jirani kwenye ramani, kwa rangi moja. Ukiyapanga kwa miaka, unaona mada inayochipuka na inayofifia.

Mchoro huo unapendeza, na ndio unaonitia wasiwasi. Kompyuta inafuata herufi tu. Njia ya kukadiria iliyopewa jina la Krige, "kriging" kwa Waingereza na "krigeage" kwa Wafaransa, kwake ni vitu viwili, mpaka uiandalie orodha ya kuyaunganisha. Na majina yetu je? Mwaka 1972 serikali ya Zaire iliamuru watu waache majina ya ubatizo. Mtafiti aliyechapisha kwa jina la Joseph mwaka 1970, akachapisha tena mwaka 1975 bila Joseph, anahesabiwa watu wawili, na kazi yake inagawanywa. Kusafisha majina huchukua siku nyingi. Kuchora ni dakika chache.

Kuna na yale yasiyomo kabisa. Tasnifu za Kifaransa zilizopigwa kwa taipureta, zile zenye vumbi kwenye rafu za vyuo vyetu, Scopus haizijui. Nakusihi usiandike kwamba mgodi fulani wa Katanga haujawahi kuchunguzwa kwa sababu tu mahali pake kwenye ramani ni peupe. Fungua kwanza makabati.

Ukija kwetu, leta maneno yako ya kutafutia, ya Kifaransa na ya Kiingereza, pamoja na tarehe uliyochota taarifa, maana hifadhidata hizo huongezewa makala kila mara na hesabu ya leo haitalingana na ya mwezi ujao.