Gredi za nota za piano: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwaya nyingi hapa Dodoma zina kinanda, na hakuna kwaya inayokosa vijana wanaotamani kukipiga. Wengi huanza kwa moto kisha huacha. Mara nyingi tatizo si uvivu wala kukosa kipaji. Wamepewa nota zisizo za kiwango chao, kwa sababu aliyewapa anaamini jambo lisilo kweli kuhusu ugumu wa nota na kuhusu gredi, yaani namba zinazoonyesha ugumu huo. Inaniuma, kwa kuwa jambo hili linarekebishika. Nawaandikia walimu wa kwaya, wazazi, na kijana wa Nkuhungu au Kikuyu hapa mjini anayejifundisha kwa karatasi alizotumiwa kwenye simu.

"Gredi ni gredi, popote duniani."

Sivyo. ABRSM, bodi ya mitihani iliyoanzishwa London mwaka 1889, ina gredi 1 hadi 8, na chini yake ngazi ya awali. Royal Conservatory ya Kanada ina ngazi ya maandalizi, kisha 1 hadi 10. Henle, wachapishaji wa nota wa Munich, Ujerumani, hupanga vipande vyao kuanzia 1 hadi 9: 1 hadi 3 ni rahisi, 4 hadi 6 ni vya wastani, 7 hadi 9 ni vigumu. Nane ya ABRSM ni ya mwanafunzi aliyeiva, ambaye bado ana stashahada mbele yake. Nane ya Henle ni kazi za jukwaani, za watu wanaoishi kwa piano. Kwa hiyo ukiambiwa "hiki ni cha nane", uliza kwanza ni nane ya nani.

"Ukurasa ukijaa wino, kipande ni kigumu."

Prelyudi ya Bach katika C meja, ile inayofungua kitabu chake cha mwaka 1722, imejaa nota ndogondogo tangu juu hadi chini. Mtoto akiiona anashtuka. Lakini nota hizo huja mojamoja, na karibu kila kipimo ni kordi moja iliyofunguliwa kwa mtindo uleule mara mbili. Ukishika mtindo wa kipimo cha kwanza, umeshika sehemu kubwa ya kipande.

Kinyume chake, Mozart alipoiandika sonata yake ya C meja mwaka 1788, K. 545, mwenyewe aliiorodhesha kuwa ya wanaoanza. Ukurasa wake ni mweupe, una nafasi. Hapo ndipo ilipo kazi yake: hakuna pa kujificha. Skeli isiposawazika, hata asiyejua muziki anasikia.

"Shapu (alama za kupandisha nota nusu hatua) nyingi, ugumu mwingi."

Hii imetuharibia wapiga kinanda wengi. Kijana anajifunza ufunguo wa C tu, kisha anabonyeza kitufe cha transpozi, kinachohamisha ufunguo, kwenye kibodi kila kwaya inapopandisha au kushusha sauti. Siku akikutana na piano halisi, isiyo na kitufe hicho, anakwama kabisa.

Kusoma shapu tano ni jambo moja, kuzipiga ni lingine. Chopin, aliyefundisha piano Paris kwa miaka mingi, aliwaanzisha wanafunzi wake kwa skeli ya B meja, yenye shapu tano, na C meja akaiona ngumu kuliko zote kuipiga kwa usawa. Jaribu mwenyewe: weka vidole vitatu vya katikati juu ya vitufe vyeusi, kidole gumba na kidole cha mwisho vibaki kwenye vyeupe. Mkono unatulia, kwa sababu vidole virefu vimepata pa kukaa. Kwenye C vyote viko sawasawa, na kidole gumba hakina alama ya kukiongoza.

Hapa mwanakwaya wetu ana mtaji ambao wengi hawauthamini. Solfa, yaani kusoma muziki kwa "do, re, mi", iliyobuniwa na Sarah Glover na kuendelezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, ilitufikia kupitia misheni, na ndani yake "do" huhama na ufunguo. Aliyeimba kwa solfa miaka kumi tayari anasikia uhusiano wa sauti katika ufunguo wowote. Sikio lake liko juu sana, vidole vyake ndiyo kwanza vinaanza. Ukimpa gredi moja kwa vyote viwili, utakuwa umekosea upande mmoja.

"Anza na tenzi, hizo ni rahisi. Ni fupi na zinaenda polepole."

Sijui dhana iliyokatisha tamaa wanafunzi wengi kuliko hii. Utenzi wa sauti nne uliandikwa kwa ajili ya makoo manne, na sasa tunataka mikono miwili iyabebe yote. Tazama utenzi wa ufunguo wa F. Mkono wa kushoto unapaswa kushika besi na teno. Besi ikiwa F ya chini, na teno ikiwa A iliyo juu ya oktava, huo ni umbali wa nota kumi. Kwenye piano ya kawaida, oktava ni sentimita kama 16 na nusu. Nota kumi ni sentimita 21. Mtoto wa miaka kumi hafiki, na watu wazima wengi hawafiki pia. Lazima mkono wa kulia uidokoe teno pale inapopanda, kisha uirudishe kwa kushoto inaposhuka, na karatasi haisemi lolote kuhusu hilo.

Halafu kordi hubadilika karibu kila pigo. Ili wimbo usikatike, mpigaji hubadilisha kidole juu ya kitufe bila kukiachia, cha nne kinakipokea cha tano kimyakimya, huku vidole vingine vikitafuta kordi inayofuata. Na waumini hawangoji. Ukikwama kwenye ubeti wa pili, wao wameshaanza wa tatu.

Kwa maoni yangu hii ni kazi ya mwanafunzi wa gredi za kati. Anayeanza mpe sauti ya kwanza na besi tu, nota moja kila mkono. Utenzi utasimama vizuri na kanisa litaimba. Alto iongezwe baadaye, teno iwe ya mwisho.

"Naweza Für Elise."

Anaweza vipimo vya mwanzo. Kipande hiki cha Beethoven cha mwaka 1810 kina sehemu ile inayojulikana na kila mtu, ambayo hurudi mara kwa mara, na katikati yake zimo sehemu mbili nyingine: moja inakimbia kwa nota za haraka sana, nyingine ina besi inayogonga nota moja mfululizo huku kordi zikipanda juu yake. Ugumu wa kipande hupimwa mahali pagumu kuliko pote. Mwalimu, kabla hujamkabidhi mtoto karatasi, chukua penseli uzungushie vipimo viwili au vitatu vibaya zaidi, na aanze na hivyo.

Neno "rahisi" lililoandikwa juu ya karatasi ya mtandaoni pia lisikutie moyo upesi. Wimbo mmoja hupangwa kwa namna nyingi, na jina la wimbo halina gredi. Mpangilio ndio wenye gredi. Programu za kompyuta zinazokadiria ugumu husoma nota. Mkono utakaozipiga hazijauona, wala hazijui kama nyumbani kuna piano ya vitufe 88 au kibodi ya vitufe 61 isiyo na pedali.

"Mapigo yanayopishana ni ya wakubwa."

Kwenye gredi za Ulaya, tatu kwa mkono mmoja dhidi ya mbili kwa mwingine huhesabiwa kuwa kizingiti. Lakini hapa ni Ugogo, nchi ya Wagogo. Akina mama wa muheme, ngoma ya Wagogo, hubana ngoma mapajani na kupishanisha mapigo huku wakiimba, na watoto wanawatazama tangu wakiwa wadogo. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alipopiga ilimba, ala ya vipande vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, kila kidole gumba kilikuwa na safari yake, na sauti yake ikapita juu ya vyote viwili. Mtoto aliyekulia kwenye muziki huo, kizingiti hicho huenda alishakivuka bila kujua kwamba mahali fulani kimepewa namba.

Arabeski ya kwanza ya Debussy, iliyochapishwa mwaka 1891, ina tatu kulia na mbili kushoto kwa vipimo vingi. Kabla ya kumkatalia mwanafunzi wako kwa sababu ya namba iliyo juu ya ukurasa, mwambie apige mapajani, tatu kwa mkono wa kulia na mbili kwa wa kushoto, kisha abadilishe mikono. Akizipiga bila kusita, kilichobaki kupimwa ni vidole, urefu wa mkono na pedali.