Bohol: kisiwa cha matumbawe yaliyopanda nchi kavu

Wageni wengi huimaliza Bohol kwa saa nane. Wanapanda boti ya asubuhi kutoka kisiwa jirani cha Cebu, wanaingizwa kwenye basi dogo, wanapigishwa picha vilimani, wanaonyeshwa mnyama mwenye macho makubwa, wanalishwa chakula cha mchana juu ya mto, na kabla ya magharibi wamesharudishwa gatini. Ziara hiyo si mbaya. Ubaya wake ni kwamba kila kitu kinaonekana kama kimeokotwa mahali pake peke yake, ilhali mkoa huu una uzi mmoja unaopita kila mahali, nao ni jiwe la matumbawe. Nashauri ulale usiku tatu, si pungufu.

Bohol iko katikati ya Ufilipino, katika visiwa vya Visaya. Ni kisiwa kimoja kikubwa chenye vidogo vingi pembeni, makao makuu yake ni Tagbilaran, na sensa ya 2020 ilihesabu watu takriban milioni 1.39. Ukitoka Nairobi au Dar es Salaam, njia ya kawaida ni kupitia Ghuba hadi Manila au Cebu. Kutoka Cebu, boti ya kasi hufika Tagbilaran kwa saa mbili hivi. Kutoka Manila kuna ndege hadi uwanja wa Panglao, uliofunguliwa Novemba 2018. Panglao ni kisiwa kidogo kilichounganishwa na Bohol kwa madaraja, na hoteli nyingi za ufukweni ziko huko.

Sasa jiwe. Sehemu kubwa ya Bohol ilikuwa chini ya bahari. Matumbawe na makombe yalirundikana, yakawa mwamba wa chokaa, kisha ardhi ikainuka. Mvua ina asidi kidogo, na asidi hula chokaa. Kwa muda mrefu mno maji yalichimba mabonde na kuacha vilele. Hivyo ndivyo vilima vya Carmen, Batuan na Sagbayan vilivyopatikana, vinavyojulikana kwa jina la chokoleti. Hesabu hutofautiana, kuanzia 1,268 hadi 1,776, kutegemea unakiita nini kilima. Vingi vina urefu wa mita 30 hadi 50, na vimeviringana kama vifuu vilivyofudikizwa.

Kosa la kawaida ni kwenda Julai ukitegemea rangi ya chokoleti. Vilima havina miti, vina nyasi tu. Nyasi zikipata mvua huwa kijani kibichi. Rangi ya kahawia huja kiangazi kikikolea, kati ya Februari na Mei. Kosa la pili ni kufika saa sita mchana, jua likiwa utosini: vivuli hupotea, na vilima huonekana bapa kwenye picha. Lala Carmen au karibu yake, upande ngazi 214 za kituo cha kutazamia asubuhi mapema, kabla mabasi ya Tagbilaran hayajafika. Tangu 2023 kisiwa chote ni hifadhi ya jiolojia ya UNESCO, ya kwanza nchini humo. Hadhi hiyo haikuzuia hoteli yenye bwawa la kuogelea kujengwa miguuni mwa vilima; picha zake zilipoenea Machi 2024, nchi nzima ilipiga kelele.

Wahispania waliotawala hapa walilitumia jiwe hilo hilo kwa makanisa. Msomaji aliyewahi kushika ukuta wa Mji Mkongwe wa Zanzibar ataitambua kazi mara moja: matumbawe yaliyochongwa, chokaa iliyochomwa, kuta nene. Kanisa la Baclayon, la 1727, ndilo la kuanzia. Ukuta wa namna hii hubeba uzito wa juu vizuri, lakini haupindi. Ukisukumwa kwa upande hupasuka. Tarehe 15 Oktoba 2013 tetemeko la 7.2 liliua watu zaidi ya 200, na makanisa ya Loon na Maribojoc yakaporomoka kabisa. Baclayon na Loboc yalikarabatiwa. Ukiwa ndani, tafuta tofauti ya rangi kati ya mawe ya zamani na yaliyowekwa baadaye.

Kitu ninachokiona bora kuliko vyote mkoani hakimo kwenye ziara nyingi za siku moja: chumvi ya mji wa Alburquerque, iitwayo asin tibuok, yaani chumvi nzima isiyovunjwa. Inaanza na makumbi ya nazi. Hulowekwa kwenye mashimo yanayojazwa na maji kujaa, kwa miezi kadhaa, mpaka yanywe bahari. Hadi hapo mwanamke wa pwani ya mashariki ya Unguja angesema anaijua kazi, maana naye hufukia makumbi. Tofauti ni kwamba yeye huyafukua ayaponde apate usumba wa kusokota kamba, na huku hukatwakatwa, huanikwa, kisha huchomwa taratibu kwa siku nyingi. Moto ukipamba, hunyunyiziwa maji ya bahari uzubae. Hautakiwi mwali, unatakiwa majivu yaliyojaa chumvi. Mvua ikiyawahi majivu kabla hayajafunikwa, chumvi huyeyuka ikapotelea mchangani, na kazi ya miezi imekwenda.

Majivu hayo, gasang, hutiwa kwenye chujio kubwa lenye umbo la faneli, maji ya bahari yakamwagwa juu yake. Kinachodondoka chini ni tasik, maji makali ya chumvi. Vyungu vidogo vya udongo hupangwa juu ya tanuri, vikajazwa tasik na kuongezwa kila yanapopungua, kwa saa nyingi. Mwishoni chumvi hugandamana ndani ya chungu ikawa jiwe moja, na chungu hupasuka sehemu ya chini. Huuzwa hivyo hivyo, nusu ya chungu ikiwa bado imeishika, kama yai kubwa lililokwaruzwa. Hailiwi kwa kijiko: huparuzwa juu ya wali wa moto. Ina ladha ya moshi kidogo.

Ufundi huu ulikaribia kufa. Sheria ya 1995 iliyolazimisha chumvi kutiwa madini joto iliwabana watengenezaji wadogo, na vijana hawakuona sababu ya kuchoma makumbi wiki nzima kwa senti chache. Familia zilizobaki ni chache, na tanuri haliwaki kila siku, kwa hiyo ulizia kabla ya kwenda. Ukinunua, ifunge kwa plastiki isiyopitisha hewa ndani ya kitambaa kinene. Chumvi huvuta unyevu, ikaanza kuchuruzika sandukuni.

Kwenye udongo wa chokaa si kila zao linafurahi, ila nazi na viazi vikuu havisusi. Kiazi kikuu cha zambarau, ubi kinampay, kina heshima ya pekee: kikikuponyoka kikaanguka chini, unakiokota na kukibusu. Wenyeji hukieleza kwa habari ya njaa ya zamani iliyoua mazao mengine yote. Ng'ambo ya mashariki, mji wa Jagna hupika kalamay: unga wa mchele unaonata, tui zito na sukari ya kahawia, vikisongwa kwenye sufuria kubwa kwa saa kadhaa bila kupumzika. Mwiko ukisimama, hushika chini, na harufu ya kuungua haitoki tena. Ikiiva huvutika kama haluwa, ikapakiwa kwenye vifuu viwili vilivyofunikizwa, na maungio yakazibwa kwa karatasi nyekundu. Kula ndani ya siku chache. Tui huchacha kwenye joto.

Yule mnyama mwenye macho makubwa ni tasia. Usimchukulie kuwa komba, ingawa wanafanana kwa ukubwa na kwa kuruka usiku. Kwa ukoo yuko karibu zaidi na nyani na binadamu. Macho yake hayazunguki kwenye matundu yake, ndiyo maana hugeuza shingo karibu nusu duara kila upande. Nenda hifadhi ya Corella, na umtazame kimya, bila mwako wa kamera, bila kugusa. Mchana ni usiku wake.

Kando ya barabara ya Tagbilaran kuna sanamu za watu wakinywa pamoja. Machi 1565 Datu Sikatuna, mtawala wa Bohol, na Mhispania Miguel López de Legazpi walichanjiana, wakachanganya damu na kinywaji, wakanywa. Huku kwetu udugu wa kuchanjia hauhitaji maelezo. Wabohol walikuwa na sababu ya kumwogopa mgeni: miaka michache kabla, Wareno walikuwa wamewavamia. Msomaji wa Kilwa na Mombasa anawajua. Undugu huo haukuwazuia wazao wa kisiwa kuwaasi Wahispania, katika uasi ulioanzishwa na Dagohoy 1744 na kudumu hadi 1829, miaka 85.

Baharini utapanda bangka, ambayo ni ngalawa kwa kila hali: mtumbwi mwembamba na matengo mawili, isipokuwa huku mara nyingi huwa ya mianzi na tanga limepisha injini. Kisiwa cha Balicasag ni cha kuona kasa na ukuta wa matumbawe. Kisiwa cha Pamilacan, ambako zamani waliwinda papa nyangumi na taa wakubwa, sasa wawindaji wamekuwa waongozaji wa kutazama pomboo. Toka alfajiri, maana upepo ukipanda humwoni pomboo kwa mawimbi.

Kuzunguka ndani, panda basi kwenye stendi ya Dao, au habal-habal, ambayo ni bodaboda. Mabasi ya jioni ni machache. Mei ni mwezi wa sikukuu za miji, na mgeni hukaribishwa nyumba baada ya nyumba; usishibe nyumba ya kwanza.

Desemba 2021 kimbunga Odette kilipiga kisiwa hiki kikali. Ishara ya tufani ikipandishwa, boti zote huzuiwa bandarini bila mjadala, hata kama mbingu kwako ni shwari. Weka siku moja tupu kati ya Bohol na ndege yako ya kurudi.