Ukomo wa deni la Marekani: lawama ni ya nani?

Mtu akichukua unga, sukari na mafuta dukani kwa daftari, deni linazaliwa palepale kaunta, mfuko unapotoka mlangoni. Mwisho wa mwezi mume na mke wakianza kubishana kama walipe au wasilipe, ubishi wao haurudishi sukari kwenye gunia. Ninaanza na daftari hilo kwa sababu karibu kila kosa ninalolisikia kuhusu mvutano wa ukomo wa deni Marekani linatokana na kusahau siku deni lilipozaliwa.

Dhana: Kuongeza ukomo ni kuiruhusu serikali itumie zaidi.

Sivyo. Matumizi na kodi hupitishwa na Bunge kwa sheria zake zenyewe. Mapato yasipotosha matumizi yaliyoidhinishwa, Hazina hukopa. Ukomo wa deni ni sheria ya pembeni inayosema jumla ya mikopo isivuke kiasi fulani, na ukigota, bili zinazodaiwa ni za mambo ambayo Bunge lilikwisha kuyakubali: mishahara ya wanajeshi, pensheni za wazee, riba ya hati fungani, yaani hati za mkopo ambazo serikali huuza. Kukataa kuuongeza hakufuti hata senti moja ya deni hilo.

Dhana: Rais ndiye mkopaji, basi mvutano ni wake.

Katiba ya Marekani imelikabidhi Bunge mamlaka ya kukopa, si rais. Mwaka 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Bunge liliipa Hazina nafasi ya kuuza hati fungani bila kuomba ruhusa kila mara, likaweka mipaka. Mwaka 1939 likaweka ukomo mmoja wa jumla, dola bilioni 45. Kwa hiyo chombo kilichokusudiwa kurahisisha ukopaji ndicho leo kinachotumika kuukaba. Rais anabaki katikati ya sheria mbili: moja inamwamuru alipe, nyingine inamkataza kukopa ili alipe.

Dhana: Vyama vyote viwili, Republican na Democratic, vina lawama sawasawa.

Hapa ndipo watu wazuri hukosea kwa kutaka kuwa waungwana. Ni kweli wote wamelikuza deni. Tangu 1960 ukomo umeongezwa, kurefushwa au kubadilishwa zaidi ya mara sabini, mara nyingi zaidi chini ya marais wa Republican. Ni kweli pia kwamba mwaka 2006 Seneta Barack Obama, Mdemokrat, alipiga kura ya kupinga kuuongeza, wakati wa Rais George W. Bush, Mrepublikan. Baadaye, akiwa Ikulu, alikiri kuwa alikosea. Lakini muswada ule ulipita kwa kura 52 dhidi ya 48, na nchi haikufika ukingoni.

Kupiga kura ya kulalamika ni jambo moja. Kushikilia malipo ya nchi mpaka upewe unachotaka ni jambo jingine kabisa. Mei 2011, Spika wa Baraza la Wawakilishi John Boehner, Mrepublikan, alitangaza New York kwamba makato ya matumizi lazima yazidi kiasi cha ukomo kitakachoongezwa. Julai, Obama akahojiwa kwenye televisheni na kusema hawezi kuwahakikishia wastaafu kwamba hundi zao za Agosti 3 zitatoka. Mfikirie bibi anayesubiri hundi hiyo alipie nyumba na dawa, naye hajawahi kugombea cheo chochote. Kura ya Baraza la Wawakilishi ilipigwa Agosti 1. Siku hiyo Gabrielle Giffords, mbunge aliyepigwa risasi ya kichwa Januari, aliingia ukumbini kwa mara ya kwanza tangu ajeruhiwe, akapiga kura ya ndiyo. Rais alitia saini kesho yake, siku ileile ambayo Hazina ilikuwa imeitaja kuwa ya mwisho.

Mwaka 2023 mchezo ukarudi, chini ya Spika Kevin McCarthy na Rais Joe Biden. McCarthy alisema deni limekuwa kubwa mno na makato ni ya lazima. Hoja hiyo ina uzito, na mahali pake ni kwenye bajeti. Siku ya kura ya utaratibu, ya kuufungulia mjadala muswada wa maafikiano yao, Warepublikan 29 walimwasi spika wao, mpaka Hakeem Jeffries, kiongozi wa Wademokrat, alipoinua kadi ya kijani kuwaashiria wenzake waokoe muswada. Kura ya mwisho ilikuwa 314 dhidi ya 117: Wademokrat 165 na Warepublikan 149 waliuunga mkono.

Sasa linganisha. Chini ya Donald Trump ukomo ulisimamishwa 2017, 2018 na 2019, Wademokrat wakichangia kura, bila nchi kutishiwa kwamba haitalipa. Julai 2025 Warepublikan wenyewe, kwa kura zao peke yao, waliuongeza kwa dola trilioni 5 katika sheria moja.

Wademokrat nao wana fungu lao, nami sitalificha. Walishika mabaraza yote mawili hadi Januari 3, 2023, na utaratibu wa bajeti wa Seneti ungewawezesha kuuongeza kwa wingi wa kawaida wa kura. Hawakufanya hivyo. Oktoba 2022 Biden alisema kuufuta ukomo kabisa kungekuwa kutowajibika. Waliacha bunduki mezani wakijua Warepublikan ndio wanaoingia kulishika Baraza la Wawakilishi.

Dhana: Ni sawa na serikali kufungwa.

Hapana. Serikali hufungwa Bunge lisipopitisha fedha za matumizi mapya. Ukomo wa deni unagusa malipo ya matumizi ya zamani. Oktoba 2013 mambo yote mawili yalikutana, ndiyo maana wengi huyachanganya.

Dhana: Wakikubaliana dakika ya mwisho, hakuna aliyeumia.

Ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilikadiria kwamba mvutano wa 2011 uliiongezea Hazina gharama za kukopa za dola bilioni 1.3 mwaka huo pekee. Agosti 5, 2011, Standard & Poor's kampuni inayopima uwezo wa wakopaji kulipa, iliishusha Marekani kutoka daraja la juu kabisa, ikitaja siasa za kusukumana hadi ukingoni. Fitch, kampuni nyingine ya aina hiyo, ikafuata Agosti 2023.

Hata sisi wa Afrika Mashariki limetuhusu. Kenya ikiuza hati fungani kwa dola, riba yake hupimwa kwa kuanzia na ile ya Marekani, kisha nyongeza inapandishwa juu yake. Kenya nayo ina ukomo wake: mwaka 2023 iliacha kiwango cha shilingi trilioni 10 na kuufunga kwenye asilimia 55 ya pato la taifa, kwa thamani ya sasa ya deni, yaani malipo yajayo yakihesabiwa kwa thamani ya leo.

Ukomo wa Marekani sasa ni dola trilioni 41.1, nao utafikiwa. Siku hiyo tazama kwanza nani yuko Ikulu na nani anashika Baraza la Wawakilishi, kisha uliza ni nani aliyeweka masharti ili bili zilipwe.