Kufanyia Kazi Nyumbani: Yanayompasa Mtumishi wa Serikali Lubumbashi Kuyajua

Malalamiko yanayotufikia siku hizi yanafanana: mtumishi alifanyia kazi nyumbani kwa ruhusa ya mdomo ya mkuu wake wa biro, mkuu akahamishwa, na aliyempokea akakuta daftari la mahudhurio halina sahihi, akaandika utoro. Hatuna shaka kwamba wengi wao walifanya kazi kweli. Lakini ruhusa ya mdomo haiwekwi kwenye faili, na ujumbe wa WhatsApp unaosema «sawa, baki» si ruhusa.

Watumishi wa kudumu wa Serikali wanaongozwa na Sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, wala si Kanuni ya Kazi ya 2002 ambayo wengi huja wameishika mkononi, hata baada ya kuelezwa mara nyingi. Tunashauri ombi liandikwe kwa mkuu wa divizio kupitia mkuu wa biro, likitaja matrikule (namba ya utumishi), cheo, siku zinazoombwa na kazi zitakazokabidhiwa, na mwombaji abaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi pamoja na jibu lenye sahihi. Bila karatasi hizo, akitakiwa kujieleza kwa maandishi hatakuwa na la kuonyesha, na adhabu zinaanzia karipio, zinapitia kukatwa theluthi ya mshahara na kusimamishwa bila mshahara, hadi kufukuzwa.

Wapo wanaodhani kukaa nyumbani kwenyewe kunaleta kuridhika. Utafiti wa Nicholas Bloom na wenzake katika kampuni ya Ctrip, China, uliochapishwa 2015, ulionyesha kwamba waliojitolea kufanyia kazi nyumbani siku 4 kwa wiki waliridhika zaidi na tija yao ikapanda kwa asilimia 13. Hata hivyo, baada ya miezi 9, karibu nusu yao walichagua kurudi ofisini, wengi kwa sababu ya upweke. Nao walikuwa na chumba cha kazi na intaneti ya uhakika. Mtumishi wa komini ya Katuba ambaye umeme wa SNEL umekatika asubuhi, akanunua mega (data ya intaneti) kwa pesa yake ili atume ripoti ya kurasa tatu, anafanya kazi kwa hasara, na jambo hilo linatuumiza sana. Kwa hiyo wakuu waandike mapema nani atalipia mega, na kazi itahesabiwaje siku ambayo umeme haupo.

Maofisa wa hali ya kiraia, wanaoandikisha vizazi, wasilete ombi la namna hii: mzazi ana siku 90 za kuandikisha mtoto, na rejista haitoki komini.