Saketi ya tuzo katika ubongo na nafasi yake katika uraibu

Saketi ya tuzo ni mtandao wa seli za neva unaoujulisha ubongo kwamba jambo lililotokea lina manufaa na linafaa kurudiwa. Chimbuko lake ni kundi dogo la seli katika ubongo wa kati. Baadhi ya nyuzi za seli hizo huishia katika nyukliasi akambensi, iliyo ndani ya ubongo upande wa mbele, na nyingine hufika hadi kwenye gamba la mbele, ambalo kazi yake ni kupima mambo na kujizuia. Kemikali inayobeba ujumbe katika nyuzi hizo ni dopamini. Mwenye njaa anapopata chakula asichokitarajia, dopamini huongezeka, na ubongo huhifadhi kumbukumbu ya mahali, harufu na matendo yaliyotangulia.

Dopamini imezoeleka kuitwa kemikali ya raha, na naona hapo ndipo maelezo mengi kuhusu uraibu yanapopotoka. Mazoea hayo yana historia. Mwaka 1954 watafiti James Olds na Peter Milner walieleza jinsi panya waliopandikizwa waya katika sehemu fulani za ubongo walivyobonyeza wenzo mamia ya mara kwa saa ili wapate msisimko mdogo wa umeme, na wengi wakaamini kwamba makao ya raha yamegunduliwa. Miongo kadhaa baadaye, mtafiti Wolfram Schultz alipopima seli za dopamini za kima waliokuwa wakipewa matone ya juisi, picha ilibadilika. Mwanzoni seli zilisisimka juisi ilipofika. Kima alipokwisha kujifunza kwamba taa huwaka kabla ya juisi, seli zilisisimkia taa, na juisi yenyewe haikuzishtua tena. Taa ikiwaka kisha juisi isije, seli zilinyamaza wakati uleule ilipotarajiwa. Seli hizo, basi, hupima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana, na kwa kipimo hicho ubongo hujifunza.

Chakula kilichozoeleka huacha kuzishtua seli hizi, lakini dawa za kulevya hukiuka kanuni hiyo kwa sababu huongeza dopamini kwa nguvu ya kemikali, hata pale mtumiaji anapojua vizuri kitakachofuata. Kokeni huziba protini zinazoirudisha dopamini ndani ya seli. Amfetamini huzigeuza zikaanza kuitoa nje. Heroini hunyamazisha seli ambazo kwa kawaida huzizuia seli za dopamini. Nikotini huzisisimua zenyewe. Kwa hiyo kila dozi hupeleka ujumbe uleule wa uongo, kwamba kilichopatikana kimezidi matarajio, na funzo huzidi kukaza bila kufika kikomo. Kasi nayo ina uzito wake, kwa kuwa dawa inayovutwa kama moshi au kudungwa mshipani hufika katika ubongo kwa sekunde chache na huelekea kujenga uraibu haraka kuliko inayomezwa.

Ubongo unaofurikwa hivyo mara kwa mara hujihami. Picha za ubongo za waraibu zimeonyesha upungufu wa aina fulani ya vipokezi vya dopamini, yaani protini za seli zinazopokea ujumbe wake, na dozi ileile huanza kuleta athari ndogo huku mambo ya kawaida yaliyokuwa yakimfurahisha mtu yakichuja. Sambamba na hayo, mifumo ya msongo katika ubongo huamka dawa inapokosekana, na mtu huingia katika hali ambayo watumiaji huiita arosto. Kufikia hapo wengi hutumia ili kupumua tu, si kwa starehe.

Hata hivyo, arosto peke yake haielezi kwa nini mtu aliyekwisha kuimaliza hurudia. Mwaka 1993 watafiti Terry Robinson na Kent Berridge walipendekeza kwamba kutaka kitu na kukifurahia ni mambo mawili yenye njia tofauti katika ubongo. Panya walioondolewa karibu dopamini yote huacha kukifuata chakula, lakini wakitiwa sukari mdomoni bado hulamba midomo kama wanaoifurahia. Kwa mraibu mambo hukaa kinyume: kutaka hukua huku kufurahia kukipungua. Ndiyo maana mtu anaweza kusema kwa dhati kwamba dawa haimpi raha tena, akaifuata jioni ileile, bila kuwa amedanganya. Gamba la mbele, ambalo lingemzuia, nalo huwa limedhoofika, na udhibiti wa tendo huhamia taratibu kwenye sehemu za ubongo zinazoendesha mazoea.

Mabadiliko haya huchangia uraibu, hayauamui. Watu wengi wanaojaribu dawa hawawi waraibu, kwa kuwa urithi, umri na mazingira vina sehemu kubwa. Mtafiti Lee Robins alipowafuatilia wanajeshi wa Marekani waliokuwa wametumia heroini nchini Vietnam, aligundua kwamba wengi wa waliokuwa waraibu kule hawakurudia uraibu waliporejea nyumbani, mbali na mahali na watu waliohusishwa na matumizi.

Kupona kwenyewe huenda kwa mwendo usiolingana. Kwa walioacha methamfetamini, protini zinazosafirisha dopamini zimeonekana kurejea kwa kiasi baada ya mwaka mmoja na zaidi, ilhali kwa wanyama wa maabara mwitikio kwa alama za dawa, yaani vitu vilivyohusishwa nayo, huongezeka katika majuma ya mwanzo ya kuacha. Uwezo wa mwili kustahimili dozi kubwa, kwa upande mwingine, hupotea mapema, na hivyo anayerudia heroini kwa kipimo chake cha zamani baada ya majuma kadhaa ya kuacha anaweza kufa kwa dozi ambayo zamani aliimudu.